Musyoki na Chumba cha Omoni

Watu wa Kombani, huko Kwale, wanaomfahamu Musyoki Muange watakwambia kwamba si mwongo, ni mtu wa kutia chumvi tu. Machungwa yake yakiwa makubwa, yeye husema ni kama madafu. Mvua ikimkuta njiani, hufika sokoni akadai ameogelea kutoka nyumbani. Watu hucheka, wakanunua machungwa, wakaenda zao. Alikuja Shimba Hills angali mtoto wa kubebwa, baba yake alipotoka Ukambani kufuata ardhi ya makazi, na huko ndiko alikoota mizizi. Alimwoa Kavenya, wakapanda michungwa na mikorosho, na kanisani akafanywa mzee. Ukimsikia akisalimiana na wenyeji sokoni, huwezi kumtenga nao kwa ulimi.

Chumvi yake nyingi ilimwangukia binti yake, Dianah. Binti huyo alipomaliza shule alipata kazi Diani, katika hoteli moja ya ufuoni, kazi ya kutandika vitanda na kusafisha vyumba. Kufika Kombani, kazi hiyo ilikuwa imeshageuka. "Yuko upande wa uongozi," Musyoki alisema, na aliyemsikia hakuwa na sababu ya kubisha. Kisha Dianah akapata ajira katika meli kubwa ya watalii, moja ya zile zinazozunguka dunia zikiwa na mabwawa ya kuogelea juu. Aliwatumia wazazi picha, amevaa sare ya buluu yenye jina lake kifuani. Musyoki aliitazama picha ile, akaona kibao kile cha shaba chenye jina, akaamua kwamba mtu hawekewi jina kifuani bure. Tangu hapo Dianah akawa "mmoja wa wakubwa wa meli." Kavenya alikuwa akimsikia mumewe akisema hivyo, na kila mara aligeuka akatafuta la kufanya.

Mwaka huo meli ile ikapangiwa kupita Mombasa. Dianah akapiga simu, sauti yake imejaa furaha hata maneno yakawa yanapandana. Wafanyakazi wameruhusiwa kuwaleta wazazi wao kwa safari moja, ikiwa kuna vyumba vilivyobaki vitupu. Wangetoka Mombasa hadi Unguja, washuke mpaka Bukini, yaani Madagaska, kisha warudi. Kavenya alicheka, halafu akalia, halafu akauliza kama huko melini watu hupika ugali.

Musyoki aliipeleka habari sokoni siku iyo hiyo. Salimu, mwuza nazi ambaye genge lake lilipakana na la Musyoki, alikuwa ameshaisikia kwa watu wengine.

"Bwana Musyoki, naambiwa wapanda meli."

"Meli? Salimu ndugu yangu, ile si meli, ni mtaa mzima. Na chumba chetu kina roshani. Unafungua mlango, bahari hiyo hapo miguuni pako, unakunywa chai."

"Mashaallah! Basi ukiwa huko roshani ututegee samaki."

Wote waliokuwa karibu wakacheka, na Musyoki akacheka nao. Dianah hakuwa ametaja roshani. Musyoki aliiona kwenye picha za meli ile, safu kwa safu za roshani nyeupe kama meno, na hakufikiri kwamba kuna watu hulala kwingine.

Siku ya kupanda walivaa nguo za kanisani. Musyoki alivaa suti ya kijivu, Kavenya gauni la maua na viatu vilivyombana. Baada ya ukaguzi wa pasipoti na mizigo, kijana mmoja mwenye tabasamu alizitazama kadi zao, akawaelekeza kwenye lifti. Musyoki akanyoosha kidole kubonyeza namba za juu. Yule kijana, kwa upole, akabonyeza ya chini.

Walipotoka kwenye lifti walitembea ujia mrefu, wakielekea omo, upande wa mbele wa meli. Kadiri walivyokwenda ndivyo kuta zilivyosogeleana, kwa kuwa meli mbele huchongoka. Walipita milango mingi, wakapita matoroli ya mashuka, wakapita mlango wenye maandishi ya kuwakataza wasafiri kuingia. Mlango wao ulikuwa wa mwisho. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vilivyounganishwa, meza, kioo, bafu dogo, na ukutani pazia refu la rangi ya dhahabu.

"Hapa ndipo penyewe," Musyoki alisema, akaliendea pazia na kulivuta kwa nguvu.

Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta.

Akalivuta upande wa pili. Ukuta pia. Akasimama amelishika kama mtu aliyeng'oa kitu cha wenyewe. Kavenya alikwisha kukaa kitandani, akivua viatu.

"Baba Dianah, ni chumba kizuri," alisema. "Kina giza la kulala."

Dianah aliingia mbio mara alipopata nafasi, akiwa na sare ileile ya buluu. Aliwakumbatia, akampa baba yake shikamoo mara mbili kwa kusahau, akamwita mama yake *mwaitu* kwa Kikamba, kama alivyozoea akifurahi. Kisha macho yake yakazunguka chumbani, na furaha ikapungua.

"Nisameheni kwa chumba. Niliomba cha juu, angalau chenye dirisha, nikaambiwa vya juu vimejaa. Hiki kiko mbele mno na chini mno, mtahisi mawimbi. Na nyuma ya ukuta huu ndipo ulipo mnyororo wa nanga. Ukiteremshwa, msishtuke."

"Ah, mwanangu, kinatosha," Musyoki alisema, lakini uso wake haukusema hivyo, na Dianah aliuona. Akapanga mito upya, ingawa ilikuwa imepangwa, akatoka.

Nanga ilipoteremshwa Unguja alfajiri, mnyororo ulinguruma kama lori la mawe linalomwaga mzigo juu ya bati. Musyoki alirukia katikati ya chumba akiliitia jina la Bwana. Kavenya alicheka mpaka akashika mbavu. Na pengine safari yote ingekwenda hivyo, kwa vicheko na ukuta wenye pazia, lau wasingekutana na Absalom na Concepta.

Walikutana nao mjini Unguja, katika kikundi kilichopelekwa kutembezwa. Walisikiana Kiswahili wakageukiana. Absalom alikuwa meneja wa benki aliyestaafu, mtu wa Nairobi kwa maisha na wa magharibi kwa asili, mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani. Mkewe Concepta alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na sauti ya ualimu ilikuwa haijamtoka. Walikuwa watu wema. Waliwanunulia miwa iliyokamuliwa, wakamshika Kavenya mkono kwenye ngazi. Hakuna aliyemtaka Musyoki awe mwingine ila yule aliyekuwa.

"Nyinyi mko sitaha ya ngapi?" Concepta aliuliza waliporudi melini.

"Juu," Musyoki akasema.

"Na sisi tuko juu, ya tisa. Nyinyi je?"

"Hiyo hiyo. Upande wa pili."

Kavenya akavitazama viatu vyake. Maneno yalikuwa yametoka kama yanavyotoka sokoni, ila hapa hakuna aliyecheka, kwa maana hakuna aliyemjua. Waliyachukua kama yalivyo. Na kwa kuwa waliyachukua, ikabidi yaongezwe. Mlifikaje safarini? Binti yetu yumo humu kazini. Kazi gani? Ni mmoja wa wakubwa. Absalom akavua kofia yake ya majani, akampa Musyoki mkono kwa mara ya pili. "Hongera sana, mzee. Si watu wengi wamefikisha mtoto hapo."

Tangu siku hiyo walikula pamoja, meza moja. Na kila baada ya chakula ilibidi wapande lifti pamoja hadi sitaha ya tisa, waagane, Musyoki na Kavenya wajifanye wanaelekea upande wa pili, wasimame kwenye kona wakisikiliza mlango wa akina Absalom ukifungwa, ndipo washuke kwa ngazi za kando, sitaha baada ya sitaha, Kavenya akishika goti.

"Tutafanya hivi mpaka lini?" aliuliza.

"Safari yenyewe ni fupi," Musyoki alimjibu. Hakumtazama.

Dianah alikuwa na desturi. Kila alipomaliza zamu ya mchana, alishuka kwao, akavua viatu, akalala miguuni pa kitanda chao kama mtoto, akawasimulia mambo ya wageni: mzee aliyepoteza meno bandia ndani ya mto, mwanamke anayeimbia mimea ya plastiki. Taulo zao alizikunja akazifanya ndovu, au nyani wa kuning'inia kwenye kiango cha nguo. Kavenya alikataa kuzitumia taulo hizo. Alijifutia kanga yake mwenyewe, ili ndovu wasivunjike. Musyoki alimsikiliza binti yake, akacheka, akapenda. Lakini hakumwambia habari za Absalom na Concepta, wala hakumwuliza anasafisha vyumba vya sitaha gani.

Kabla ya kufika Bukini, Concepta aliwaalika chai chumbani kwao. Musyoki alivaa suti. Chumba kilikuwa kipana, chenye makochi, na mlango wa kioo ulifunguka kwenye roshani hasa, roshani aliyoieleza Kombani: meza ndogo, viti vya kuegemea, na bahari yote chini yao, ya buluu iliyoiva. Kavenya alikaa akasahau goti lake. Aliitazama bahari mdomo wazi, kikombe mkononi.

"Lakini roshani yenu ni ya upande wa jua la asubuhi, eti?" Concepta aliuliza. "Hiyo ndiyo nzuri zaidi."

"Ya asubuhi, ndiyo," Musyoki akasema.

Hapo ndipo alipotupa jicho ndani ya chumba, akaona juu ya kitanda cha wenyeji wake taulo lililokunjwa likawa ndovu. Mkonga umeinuka, masikio yamelala, macho mawili ya karatasi nyeusi. Ndovu yuleyule.

"Umemwona?" Concepta alicheka. "Kuna binti wa kwetu Kenya hututengenezea chumba. Mtoto ana mkono mwema, huyo. Nimemzoea kama wangu."

Mlango ukabishwa hodi, ukafunguliwa.

Dianah aliingia amekumbatia rundo la taulo. Alisalimia, akaelekea bafuni, na njiani akaona vivuli kwenye roshani, akageuka. Uso wake wote ukachanua.

"Baba!" alisema. "Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

Concepta aliwatazama wote kwa zamu. "Kumbe mnajuana?"

Ilikuwa nafasi ndogo sana, upana wa pumzi moja. Kavenya alifungua mdomo. Musyoki akamtangulia.

"Hapana," alisema, na akacheka kicheko cha sokoni. "Watoto wa pwani hawa wamefunzwa adabu. Kila mzee kwao ni baba."

Dianah alisimama na taulo zake. Hakushtuka, hakudondosha kitu. Uso uliokuwa umechanua ulijifunga taratibu, kama duka linalofungwa ubao kwa ubao.

"Ndiyo, mama," alimwambia Concepta. "Nyumbani tulifunzwa hivyo."

"Nyumbani wapi, binti? Sijawahi kukuuliza."

"Kwale."

"Kwale! Si ndiko kwenu nyinyi?"

"Kwale ni kubwa," Musyoki akasema.

Absalom, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, akainua kidole. "Basi lazima unamjua mkubwa wako mmoja. Binti wa hawa wazee ni katika wakuu wa meli hii, naye atoka hukohuko."

Dianah alimtazama baba yake. Haukuwa mtazamo wa hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha njia katika mji asioujua.

"Meli ni kubwa, baba," alimjibu Absalom. "Sijawahi kukutana naye."

Akaweka taulo bafuni, akatoka, akaufunga mlango bila sauti. Chai iliendelea. Musyoki alisikia mtu akieleza bei ya korosho na namna wadudu wanavyoshambulia michungwa, na baadaye akatambua kwamba mtu huyo alikuwa yeye. Kavenya hakunywa tena. Alikishika kikombe mpaka kikapoa, na walipoinuka kuondoka Concepta ilibidi akitoe mkononi mwake.

Hawakusimama kwenye kona siku hiyo. Walishuka ngazi mmoja nyuma ya mwingine, na walipofika chumbani Kavenya alikaa upande wake wa kitanda akiukabili ukuta.

"Musyoki," alisema.

Tangu Dianah azaliwe hakuwa amemwita kwa jina. Alikuwa Baba Dianah shambani, kanisani, kwenye ugomvi na kwenye mapatano.

"Musyoki, umemkana mtoto mbele ya macho yake. Na mimi nilinyamaza. Nimeshika kikombe cha watu, nikanyamaza. Petro alipomkana Bwana angalau alilia."

Musyoki alitaka kutazama nje, na hapakuwa na nje. Alikaa akasubiri wakati wa Dianah kushuka. Wakati ukafika, ukapita. Kila toroli lililopita ujiani lilimfanya ainue kichwa.

Kesho yake alimvizia karibu na lifti. Dianah alitokea akisukuma toroli lake, pamoja na mwenzake mmoja Mfilipino.

"Habari za asubuhi, bwana," Dianah alisema, kwa adabu ile wanayofundishwa, kichwa kikiinama kidogo. "Natumai mmelala salama."

Mwenzake naye akatabasamu kumtabasamia mgeni. Wakapita. Musyoki alibaki ameshika ukuta. Maishani mwake alikuwa ameitwa mengi, na mengine ya matusi, lakini hakuna neno lililomvua nguo kama lile "bwana."

Alasiri bahari ikachafuka. Juu, watu wa sitaha ya tisa waliona mawimbi wakapiga picha. Huku chini omoni, chumba kiliinuliwa juu kama mtoto anayerushwa, kikasita, kikaachiwa. Maji yaligonga ubavu wa meli kama mtu abishaye hodi kwa gogo. Musyoki alijishikilia kitandani, akajaribu kufika bafuni, asifike. Alitapika juu ya zulia, juu ya viatu vya kanisani, juu ya suruali ya suti aliyokuwa ameitundika kitini. Kavenya, ambaye tumbo lake lilikuwa la chuma, akachukua simu ya chumbani, akaomba msaada kwa maneno machache aliyoyajua.

Aliyekuja alikuwa Dianah. Sehemu ile haikuwa yake, alikuwa amemwomba mwenzake ampishe. Alivaa glovu, akapiga magoti, akaanza kazi. Alilifuta zulia kwanza, kisha viatu, kimoja kimoja, mpaka ndani ya kisigino. Alimpangusa baba yake kidevu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamwekea tufaa la kijani na biskuti kavu mezani.

"Kula kidogo kidogo. Tufaa hutuliza."

"Mwanangu…"

"Usiseme, Baba, utatapika tena."

Lakini alimwita Baba, na neno hilo lilimwumiza Musyoki kuliko lile la asubuhi, maana hakulistahili. Machozi yakamtoka pale kitandani, mzee mzima, fulana imelowa. Dianah akaendelea kufuta hadi alipomaliza. Ndipo akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea mlango, kwa kuwa meli haikumruhusu kusimama wima.

"Siku mlipoingia humu niliona haya," alisema. "Nikawaza, wazazi wangu nimewaweka stoo. Wenzangu wengine wazazi wao wamepata madirisha. Nilimwendea msimamizi mara nyingi hata akanichoka. Kila nikishuka hapa nilikuwa naona haya, ndiyo maana nilikuwa nawakunjia ndovu." Akashika kitasa meli ilipodidimia, akasubiri ikainuka. "Kumbe nawe ulikuwa unanionea haya mimi. Sawa. Sote tulikuwa na haya. Lakini mimi sikuwaambia watu kwamba sikujui."

"Nimekosa," Musyoki alisema.

"Ndiyo, Baba. Umekosa." Alisema bila ukali, kama anayekubali kwamba mvua inanyesha. Akainuka, akambusu mama yake kichwani, akatwaa ndoo yake.

Bahari ilipotulia Musyoki alinawa uso, akavaa shati, akapanda lifti peke yake. Akina Absalom walikuwa kwenye roshani. Hakukaa. Aliwaambia akiwa amesimama: kwamba hawana roshani wala dirisha, kwamba wanalala sitaha ya chini kabisa mbele, nyuma ya mnyororo wa nanga, kwamba binti yake si mkubwa wa mtu yeyote, na kwamba binti mwenyewe ni Dianah.

Alikuwa amejiandaa kwa kicheko, au kwa kusamehewa. Hakupata mojawapo. Absalom aliitazama kofia yake, akaizungusha mkononi. Concepta ndiye aliyesema.

"Nilimwuliza jana usiku, alipokuja kufunga mapazia. Nilimwuliza kama wazazi wake wangali hai. Akaniambia wapo, wako safarini, na wanapenda sana bahari." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Mzee Musyoki, umetuketisha sisi pale kama mashahidi wa jambo hilo, nasi hatukujua. Tumemcheka mtoto usoni bila kujua."

Akaingia ndani. Absalom alimsindikiza Musyoki mpaka mlangoni, akampa mkono, mkono mwepesi. "Umefanya vyema kusema," alimwambia, lakini jioni ile kwenye chakula meza yao ilikuwa na watu wengine. Kavenya alitafuta meza ya kando, wakala wao wawili. Kutoka huko walishuka moja kwa moja kwa lifti, mbele ya kila mtu, na goti la Kavenya lilishukuru hata kama yeye mwenyewe hakusema.

Waliporudi Mombasa, Dianah alipewa ruhusa ya kuwasindikiza hadi kwenye ngazi ya kushukia. Palikuwa na foleni. Musyoki alimshika bega, akamgeukia mwanamume mmoja Mhindi aliyekuwa mbele yao.

"Huyu ni binti yangu," alitangaza. "Anasafisha vyumba hapa. Vitanda, vyoo, vyote ni yeye."

Yule mwanamume akaitikia kwa kichwa. Musyoki akamgeukia mwanamke aliyekuwa nyuma. "Binti yangu huyu. Kazi yake ni kusafisha."

"Baba," Dianah akasema kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa umewaka. "Inatosha."

Ndipo Musyoki akaelewa kwamba alikuwa bado anamtumia mtoto kujipamba. Jana alimficha ili asifiwe, leo anamwonyesha ili asamehewe. Akafunga mdomo. Dianah akamwinamia mama yake, wakakumbatiana muda mrefu. Kisha akampa baba yake mkono, akasema, "Shikamoo, Baba. Mfike salama." Akarudi ndani, kwa sababu wageni wapya walikuwa wameanza kupanda.

Kombani walimngoja kwa hamu. Salimu alikuwa amemwekea kiti.

"Haya, Bwana Musyoki, lete habari za roshani."

"Hatukuwa na roshani," Musyoki alisema. "Chumba chetu hakikuwa hata na dirisha. Kilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia ukuta."

Salimu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake, akidhani hii nayo ni chumvi mpya. Alipoona mwenzake hacheki, akatulia. "Na Dianah? Mkubwa wetu hajambo?"

"Hajambo. Si mkubwa, Salimu. Anatandika vitanda."

"Alhamdulillahi, ni riziki ya halali. Mimi nauza nazi, na mkubwa wangu ni mnazi." Akachukua dafu, akalifyeka, akampa. Hakuuliza zaidi. Musyoki alikunywa. Yale yaliyotokea kwenye roshani ya wenyewe hakumsimulia, si siku hiyo wala nyingine. Kuhusu chumba aliweza kusema, na hata kuhusu kazi. Lile neno "hapana" lilibaki mahali ambapo ulimi wake haukufika. Kanisani zamu yake ya kusoma ilipofika alimwomba mwenzake amsomee, akasema koo linamwuma.

Dianah aliendelea kupiga simu, lakini simu zilikuja kwa Kavenya. Musyoki alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, vicheko vya mkewe na "eeh" zake, naye akijifanya anachambua korosho. Kavenya hakumsihi binti yake, wala hakumsimanga mumewe. Siku hizi alikuwa akimwita "mzee."

Michungwa ilichanua, machungwa yakashika, yakaanza kupata rangi. Alasiri moja Musyoki alikuwa shambani akikata matawi yaliyokauka, Kavenya akaja na simu mkononi, akiharakisha hatua.

"Anauliza kama upo."

Musyoki alijifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, akaichukua simu kama kitu cha moto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma ya sauti ya binti yake Musyoki alisikia mvumo wa mashine na watu wakiitana kwa lugha asiyoijua.

"Machungwa yameiva?" Dianah aliuliza.

"Bado. Yameanza." Alitaka kusema ni makubwa kama madafu. Aliyatazama. "Mwaka huu ni madogo. Mvua haikutosha."

"Lakini matamu?"

"Sijaonja."

"Basi onja, uniambie."

Musyoki aliunyoosha mkono, akachuma moja, akalimenya kwa meno akiwa ameibana simu begani. Lilikuwa chachu bado, akamwambia hivyo, chachu mno. Akamsikia binti yake akicheka, kidogo, mbali sana, halafu akamwambia kwamba ameitwa kazini, atapiga wiki ijayo.